Masika ya Ngozi ya Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza saa mbili asubuhi na mke wangu ameondoka saa tatu. Amekwenda kozi ya upishi, miezi mitatu, mji wa mbali, atarudi mwisho wa Mei. Kambusu mtoto mara kumi, mimi mara moja, kisha akaniachia agizo moja tu: "Usimwache ajikune."

Mimi ni fundi rangi. Masika yakiingia, fundi rangi hana tofauti na mwavuli wakati wa kiangazi, yupo yupo tu. Kuta za nje hazikauki, na kazi za ndani ni za kubahatisha. Ndiyo maana nimelichukua hili daftari la vipimo vya kuta nikasema niandike. Mkono umezoea kazi, ukikaa bure unawasha.

Kuwasha nako tunakujua humu ndani. Binti yetu ana miaka mitano, tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata akinywa maji. Tangu ana miezi sita ana pumu ya ngozi. Viwiko kwa ndani, nyuma ya magoti, shingoni, ngozi inakauka, inapasuka, inamwasha mpaka anajikuna damu. Siku za unyevunyevu ndiyo inachachamaa.

Mama mkwe kaja kunisaidia. Kaja na kikapu kimoja na kopo la mafuta ya mgando ukubwa wa ndoo ya mtoto. Ni mtu wa maneno machache, na kila neno zito kama tofali. Miezi mitatu. Mungu anipe subira.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Chiriku kajikuna. Mama mkwe kampaka mafuta mara nne. Mtoto anateleza kama samaki, lakini kujikuna anajikuna.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimepata mwanga. Nilikuwa na Kobe, mwenzangu wa kazi (tunamwita hivyo kwa sababu chumba kimoja anakipaka siku tatu). Nikamweleza habari za mtoto. Akasema mke wake ana krimu fulani ya tyubu, anainunua duka la vipodozi karibu na stendi, inaondoa kila kitu: vipele, madoa, upele, "hata wasiwasi."

Nikaenda. Dada wa vipodozi ana kucha ndefu na maneno matamu. Tyubu yenyewe ndogo, nyeupe, maandishi ya lugha ambayo hata yeye haijui. Hakuna boksi, hakuna karatasi ya maelezo. Nikamuuliza inafaa watoto? Akasema, "Kaka, wateja wangu wote wanafurahi."

Nami nikafurahi.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi. Siku tatu tu. Viwiko vya Chiriku vimekuwa laini kama shavu la kichanga. Shingo safi. Hajikuni. Leo amekaa akachora picha saa nzima mikono yote miwili ikiwa mezani, na mimi nimekaa pembeni namtazama tu kama mtu anayetazama sinema. Miaka mitano tumehangaika, kumbe dawa ilikuwa pale stendi inatusubiri.

Nimeapa simwambii mama yake. Akirudi amkute mtoto ana ngozi mpya. Nataka niuone uso wake siku hiyo.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Chiriku mzima. Mimi ni baba bora.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimezozana na mama mkwe, kwa heshima lakini.

Sasa hivi kazi ya kumpaka naifanya mwenyewe, na naifanya kifundi. Ukuta hupaki juu ya vumbi. Kwanza nasugua magamba kwa taulo gumu, huo ndio msasa wangu. Kisha mkono wa kwanza wa krimu, yaani safu ya kwanza. Nasubiri ushike. Kisha mkono wa pili, mzito, hakuna mahali panapobaki. Mwisho nafunga viwiko na magoti kwa nailoni isikauke upesi, kama tunavyofunga brashi ikiwa na rangi. Asubuhi na jioni. Chiriku anaupenda mchezo huu kupita kiasi. Anasimama wima, mikono kaitanua, anauliza, "Fundi, leo rangi gani?" Nasema ya waridi. Anasema, "Jana ulisema ya waridi. Leo nataka buluu." Basi ni buluu.

Mama mkwe alikuwa mlangoni na kopo lake. Akasema, "Mkwe wangu, ngozi imeshapona. Mbona bado unapaka?"

Nikasema, "Mama, ukuta haupakwi mkono mmoja."

Akasema, "Dawa inayokimbia hivi, mimi huwa naiuliza inakimbilia wapi." Akaenda zake jikoni. Nikajisemea moyoni, huyu ana wivu na tyubu yangu, mafuta yake ya mgando yamekosa kazi.

Jumanne, 1 Aprili

Krimu iliisha juzi, nikasema tupumzike. Leo viwiko vyekundu tena, na mashavuni kumetokea wekundu ambao haukuwepo kabla. Nimekimbia dukani na mvua yake. Tyubu mbili safari hii. Nimempaka na mashavu.

Jumamosi, 5 Aprili

Shwari. Mke wangu kapiga simu. Kauliza, "Ngozi vipi?" Nikamwambia nina zawadi yako, usiniulize zaidi. Akacheka. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele, hakucheka.

Jumatatu, 14 Aprili

Kuna vipele vidogovidogo kuzunguka mdomo wa Chiriku. Vyekundu, vimejipanga. Nimevipaka.

Alhamisi, 17 Aprili

Vimeongezeka. Nimeongeza krimu.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimemkausha Chiriku baada ya kuoga, wala sikutumia nguvu. Kwenye kiwiko pametokea alama ya zambarau, mfano wa mtu aliyegongwa. Nimempeleka dirishani kwenye mwanga. Ngozi ya pale imekuwa nyembamba, inang'aa, na mishipa midogo inaonekana kama nyuzi. Pembeni rangi yake imefifia, si rangi ya mwanangu.

Nimepaka kuta miaka kumi na sita. Najua ukuta uliosuguliwa mpaka puti ya kusawazishia ikaisha unavyoonekana.

Sikupaka jioni. Kisha nikapaka, kidogo.

Jumanne, 22 Aprili

Mama mkwe aliondoka asubuhi na mwavuli, hakuaga. Amerudi saa saba, viatu mkononi. Akanitengea chakula, akasubiri nimalize kula, ndipo akaweka tyubu yangu mezani.

Kumbe aliibeba mpaka duka la dawa la hospitali. Akapanga foleni, akamwomba mfamasia amsomee. Mfamasia akaisoma mara mbili, akauliza nani anaitumia. Akasema hiyo ni steroidi, dawa ya kuzima mwasho na uvimbe, tena ile kali kuliko zote, haiuzwi hovyo, haipakwi usoni, na mtoto hapewi ila daktari awe amesema. Akasema wengine wanajipaka wawe weupe, ndiyo maana imejaa maduka ya vipodozi.

"Amesema tumpeleke kwa daktari wa ngozi," mama mkwe akasema. "Na amesema tusiache ghafla kabla hajaonwa."

Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Kanijazia maji kwenye glasi, basi.

Ile ya kutoacha ghafla sikuisikia, au niliisikia nikajifanya sikuisikia. Nilichukua tyubu zote mbili nikazitupa kwenye pipa la taka, nikasema humu ndani dawa basi. Hakuna krimu, hakuna daktari, hakuna chochote kinachotoka kwenye tyubu mpaka mtoto aolewe. Nilijiona nimefanya jambo la kiume.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo nitaandika yote, nisijipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jana asubuhi uso wa Chiriku ulikuwa unawaka. Si wekundu wa kawaida. Mashavu, kidevu, kuzunguka mdomo na macho, nyekundu, imevimba, inatoa maji. Viwiko na magoti vimerudi vibaya kuliko siku ile mama yake aliyoondoka. Anashindwa kufumba mdomo vizuri. Mtoto ambaye hanyamazi amenyamaza. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nasikia bomba la jirani likidondosha.

Nilikwenda na kitambaa cha maji baridi, nimpoze. Nilipomkaribia alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akaweka mikono mbele ya uso.

"Usiniguse, Baba."

Nikamwambia ni maji tu, mama.

"Usiniguse. Kila siku unanipaka. Mimi siyo ukuta."

Nimeanguka ngazini mara mbili maishani, mara moja kutoka ghorofa ya kwanza. Sikuumia hivi. Nilisimama na kitambaa changu kinadondosha maji sakafuni, sijui nikiweke wapi.

Mama mkwe akaja, akakichukua mkononi mwangu, akakaa chini sakafuni, mbali kidogo na mtoto. Hakumwita. Akaanza kujipoza uso wake mwenyewe. Shavu moja, shavu la pili, pole pole. Akasema, "Ah, kumbe pazuri." Baada ya muda Chiriku akasogea, akasogea tena, mwisho akaulaza uso mapajani kwa bibi yake. Wiki saba nimekuwa nikimhesabu mama huyu kama mgeni anayenichungulia. Jana ndipo nilimwona.

Na nitaandika hili nalo. Mchana nilivaa koti la mvua nikaenda stendi. Nilijua tyubu moja tu ingeuzima ule moto kufikia Jumapili. Nilisimama mbele ya duka la vipodozi, mvua inanichapa. Dada wa kucha akaniona akanipungia mkono. Wanawake watatu walikuwa kwenye kaunta, mmoja na mtoto mgongoni. Nikageuka. Si ushujaa. Nilikumbuka tu namna alivyoweka mikono usoni.

Jumatatu, 28 Aprili

Hospitali. Tumekaa kwenye benchi tangu saa moja, mimi upande huu, Chiriku upande ule, bibi katikati kama mpaka wa nchi.

Daktari wa ngozi ni mwanamke mfupi, miwani kaiweka kichwani na anaitafuta mezani. Alimsikiliza Chiriku kwanza, mimi akanisubirisha. Kisha akauliza nimepaka nini, wapi, kiasi gani, muda gani. Nikaeleza yote. Taulo. Mkono wa kwanza. Mkono wa pili. Nilipofika kwenye nailoni akaacha kuandika.

"Ulifunika?"

"Nilifunika, Daktari. Isikauke."

Akashusha pumzi. Akasema steroidi ikifunikwa inaingia mwilini mara nyingi zaidi, na mtoto ngozi yake bado laini, inakunywa. Ikitumika kali, nyingi, muda mrefu, ngozi inakonda, mishipa inatokeza, alama zinabaki, rangi inafifia, usoni vinatoka vipele kama hivi. Ikizidi sana inaweza hata kuudanganya mwili uache kutengeneza homoni yake wenyewe. Akampima uzito, kimo na shinikizo la damu, akaagiza damu ipimwe. Mimi nilikuwa nimeshika kofia yangu naikamua kama kitambaa cha deki.

Nikamwambia, "Daktari, nimeshaapa. Hatagusa steroidi tena maisha yake yote."

Hapo ndipo alipokasirika, na kwa kweli sikutegemea. "Baba, ulikosea mara ya kwanza kwa kuimwaga. Unataka kukosea mara ya pili kwa kuikimbia? Nusu ya watoto wanaoletwa hapa wana vidonda kwa sababu wazazi wanaogopa hata ile nyepesi. Dawa siyo adui yako. Adui ni kuitumia bila kipimo."

Akatoa tyubu nyingine, yenye boksi na karatasi yake. Steroidi nyepesi, ya viwiko na magoti tu, mara moja kwa siku, siku alizoandika, kisha siku moja tunapaka moja tunaruka, kisha kusimama tumwone. Usoni hakuna steroidi kabisa, ametoa marhamu ya aina nyingine. Akaonya uso unaweza kuwaka wiki kadhaa kabla haujatulia, tusitishike, na homa au usaha ukitokea tumrudishe siku hiyo hiyo. Mafuta ya mgando yapakwe kila mara, kwa wingi. Mama mkwe aliweka sawa kilemba chake.

Kisha daktari akanishika kidole cha shahada. "Kamua mstari kutoka ncha mpaka kiungo cha kwanza. Huo unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Safu nyembamba. Ukiisha, umeisha."

Nikamwambia, "Kumbe ina kipimo cha eneo."

"Kila dawa ina kipimo."

Sasa mimi nikiambiwa kopo la lita nne linapaka mita arobaini, siendi na makopo kumi. Nimeishi kwa vipimo miaka kumi na sita, na mwanangu mwenyewe nimempaka kwa macho. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini nusu yake leo imenivunja mimi.

Alhamisi, 1 Mei

Majibu ya damu yametoka, ni mazuri. Nimemwomba mama mkwe nimpikie chai. Akasema weka sukari kidogo, nakujua.

Jumamosi, 3 Mei

Uso bado unawaka. Chiriku anapakwa na bibi yake. Mimi kazi yangu ni kukamua mstari kwenye kidole changu, kwa sababu cha bibi kimepinda, kisha bibi anauchukua na kwenda nao. Nimekuwa kopo.

Jumanne, 6 Mei

Mvua imepungua. Uso vilevile. Kobe kasema mke wake naye amekonda ngozi mashavuni, alidhani ni uzee, na ana miaka thelathini na moja. Nimempa jina la daktari. Ameahidi kwenda kesho, na Kobe akisema kesho ni wiki ijayo, kwa hiyo nimempigia simu mke wake mwenyewe.

Jumapili, 11 Mei

Nimemwambia mke wangu. Yote, na nailoni. Nilikuwa nimesimama nje chini ya bati, mvua nyepesi.

Kisha akasema, "Ile zawadi yangu."

Nikasema, "Ndiyo hiyo."

Akalia kidogo, nami nikalia. Akauliza daktari kasemaje, nikamsomea karatasi neno kwa neno. Akaniambia nisome tena. Mwisho akasema, "Nimekasirika na nitaendelea kukasirika mpaka Jumatano. Sasa nipe mama yangu." Mke wangu ni mtu wa mpango.

Jumatano, 14 Mei

Kasema bado kidogo. Mpaka Alhamisi.

Jumamosi, 17 Mei

Uvimbe umeisha. Vipele vya mdomoni vinakauka. Asubuhi Chiriku amezungumza kuanzia kitandani mpaka bafuni bila nukta, habari ya kuku mwenye viatu. Mama mkwe kaziba masikio. Mimi nimeziba uso, nisionekane.

Jumanne, 20 Mei

Nilikuwa nimekamua mstari, nasubiri bibi aje auchukue. Bibi alikuwa anaanua nguo. Chiriku akanitazama, akakitazama kidole, akanyoosha mguu mmoja.

"Goti tu," akasema.

Nimepaka goti. Safu nyembamba, pole pole, kama mtu anayepaka ukingo wa dirisha bila utepe.

"Limetosha," akasema.

Nikasema limetosha.

Ijumaa, 23 Mei

Magoti mawili.

Jumatatu, 26 Mei

Jua. Kazi ya nje imepatikana, ukuta wa shule. Magoti na viwiko, ila shingo bado ya bibi. Uso hakuna anayeruhusiwa, isipokuwa bibi. Kwenye kiwiko ile alama ipo. Daktari leo kasema huenda ikafifia, huenda isiishe yote, tuipe muda. Steroidi tumesimama, tunaendelea na mafuta.

Jumamosi, 31 Mei

Mke wangu kafika saa nne na mizigo mitatu. Chiriku kamrukia shingoni na kumpa habari za miezi mitatu kwa pumzi moja, kuku wa viatu akiwemo. Mke wangu akampeleka mlangoni kwenye mwanga. Akamtazama kidevu, bado kina wekundu kidogo. Akakunja mkono wake, akaiona ile sehemu iliyokonda, akaigusa kwa mgongo wa kidole. Kisha akanitazama mimi, nami sikuangalia chini. Akaja akaegemeza paji la uso wake begani kwangu, akakaa hapo.

Mama mkwe akasema tuache kuziba mlango, kuna mtu anataka kupita na sufuria.

Jioni Chiriku katoka kuoga, kajifunga taulo. Mke wangu tayari kashika kopo la mafuta, kakunja mikono ya gauni, miezi mitatu hakumpaka mwanawe, ana hamu. "Njoo, mama, nikupake uso."

Chiriku akasimama katikati ya chumba, anatutazama wote watatu, anafikiri. Akalichukua kopo mikononi mwa mama yake, taratibu, kwa adabu kabisa. Akalileta kwangu. Akanipandia mapajani, akafumba macho, akainua uso.

"Wewe, Baba," akasema. "Mama angalia kwanza, ujifunze."

Nikampaka paji, mashavu, kidevu. Mke wangu alikuwa amepiga magoti pembeni, anaangalia, anajifunza.